Mapenzi Kazini: Mbona Anayefukuzwa Ni Dada wa Kaunta Tu?

Leo sina msanii aliyemwagana na mtu, sina gari jipya la mtu, wala sina picha ya pete. Leo nina keshia na kijana wa stoo. Najua kuna wanaotaka kutoka sasa hivi wakatafute ubuyu wa mastaa kwingine. Tulieni. Ubuyu huu ni mtamu, ila mbele una kitu cha kukera, na hicho cha kukera ndo kimenifanya nikae chini niandike.

Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa ili asije mtu akasema hakuelewa. Watu wawili wazima, wasio na wenza, wanaofanya kazi sehemu moja, wakipendana hawajamkosea mtu. Kosa linaanza pale mmoja anapokuwa na uwezo wa kumfukuza mwenzake, au pale wawili wanapofanya jambo moja afu anaadhibiwa mmoja. Na kwa Bongo hii yetu huyo mmoja mnamjua. Ni dada.

Twende kwenye stori sasa.

Mji siutaji. Ni mji mdogo wa njia panda kule Nyanda za Juu Kusini, ile miji ambayo basi likisimama vijana wanakimbilia madirishani na karanga na mahindi ya kuchoma. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya kitoto, watu wanatembea na makoti saa sita mchana. Hapo kuna duka la vifaa vya ujenzi, kubwa kwa mji ule: saruji, nondo, bati, rangi, mabomba, misumari ya kila inchi. Wafanyakazi saba. Dada yuko kaunta na mashine yake ya risiti, kaka yuko nyuma na funguo za stoo. Ukinunua unalipa kwa dada, unaandikiwa karatasi, unaipeleka nyuma kwa kaka, anakutolea mzigo. Yaani kila mteja wa duka lile alikuwa mshenga bila kujijua.

Maana dada alianza kuongeza vitu kwenye zile karatasi. Anaandika bati 20, geji 30, afu chini kwa herufi ndogo anaandika: umekula? Mteja anabeba, anadhani na hiyo ni aina ya bati. Kaka naye akawa anarudisha jibu kwa mteja anayekuja kuulizia kitu kingine. Mwambie dada hapo mbele kwamba ile rangi ya cream imebaki moja. Rangi ya cream hapo stoo haijawahi kuwepo. Ilikuwa ina maana ya andazi.

Mwisho wa mwezi wanahesabu mali. Kaka anahesabu, dada anaandika. Makufuli yalikuwa 48. Kaka akahesabu, 48. Akahesabu tena, 48. Akaanza mara ya tatu. Dada akamuuliza, mbona unarudia? Akajibu, nataka uhakika. Wenzao waliokuwa wanasubiri kufunga duka waende nyumbani walikaribia kulia.

Na wa kwanza kujua hakuwa mfanyakazi wa pale, ni mama ntilie wa jirani. Alishtuka kuona kijana anayekula chapati moja tangu aanze kazi, ghafla ananunua mbili na kutoka nazo mkononi. Mama ntilie wana macho kuliko kamera za benki.

Ila mimi kilichoniua ni kiti. Kaunta ile iko upande wa kivuli, na ile baridi mliyoisikia. Kaka akawa anafika mapema, anasogeza kiti cha dada hadi kwenye kile kipande cha sakafu jua linapoingia asubuhi. Hasemi kitu. Anasogeza, anaenda zake stoo. Dada alikaa wiki nzima akidhani ni mfagiaji. Hebu niambieni, nyie mnaotumiwa emoji za mioyo saa nane usiku na watu ambao hata siku yenu ya kuzaliwa hawaijui, nani kawahi kuwasogezea kiti?

Wakaendelea hivyo miezi kadhaa. Kazi inaenda, hesabu zinafunga, hakuna mteja aliyelalamika. Baadaye ikaja harusi ya mtoto wa dereva wa lile duka, wakaalikwa wote. Wakacheza kwaito, mstari mmoja, dada na kaka pembeni kwa pembeni, na kuna sehemu kaka alikosea hatua akamshika dada bega asianguke. Kuna mtu alikuwa anarekodi. Video ya sekunde 20 ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mji, lile la kutangaza misiba na mbuzi waliopotea. Hakuna busu, hakuna chochote. Bega tu, na kicheko.

Jumatatu asubuhi dada kafika kazini, tajiri akamwita pembeni. Akamwambia akae nyumbani kwanza, ataitwa. Barua hakuna, sababu hakuna, mshahara wa siku alizofanya hakuna. Kaka naye akaitwa. Akapigwa pigwa mgongoni, akaambiwa wewe kijana kuwa makini na hawa watoto wa kike, rudi stoo. Siku ya nne kwenye kile kiti alikuwa kakaa binti mwingine.

Dada mwenyewe ndiye aliyenitumia stori hii, karuhusu niiandike bila majina. Amefanya kazi pale miaka miwili na miezi minne. Leo ninapoandika ni siku ya 17 tangu aambiwe akae nyumbani. Hiyo 17 ishikeni, ina maana yake.

Kilichonikera zaidi ni watu. Kwenye lile kundi, na hata huku mjini kwa waliosikia, maneno ni yale yale. Alikuwa anajirahisisha. Kazi na mapenzi wapi na wapi. Si angetafuta bwana nje. Tajiri kafanya la maana, duka si gesti. Sijaona hata mmoja aliyeuliza: na kaka je?

Basi leo tunayajibu moja moja.

KWAMBA ANGETAFUTA BWANA NJE

Nje wapi? Wewe unayesema hivyo unakaa Sinza, ukitoka unakutana na watu elfu kabla hujafika kituoni. Mji mdogo una stendi, soko, kanisa, msikiti, shule na kazini. Stendi wanapita wasafiri. Sokoni wanakujua tangu ukiwa unavaa sare ya shule ya msingi. Kanisani mchungaji ni baba yako mdogo. Kazini ndiko mtu anamuona mwenzake akiwa mchovu, akiwa na njaa, akitukanwa na mteja, akirudisha chenji iliyozidi. Huko ndiko unamjua mtu.

Na muda je? Duka lile linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Piga hesabu. Ni saa kumi na nusu kwa siku, saa 63 kwa wiki, na chakula unakula hapo hapo kaunta huku unahudumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Sasa mtu anakuchukulia saa 63 za wiki yako, za nyongeza hakulipi, afu anashangaa kwa nini umempendea mtu dukani kwake. Ulitaka ampende nani, ndoto?

Serikali yenyewe inalijua hili. Angalieni walimu. Angalieni manesi na polisi. Mwalimu kaoa mwalimu, nesi kaolewa na daktari, hadi watumishi wa umma wanaomba uhamisho wa kumfuata mwenza na ni sababu inayokubalika. Hakuna aliyewahi kusema shule ifungwe kwa sababu mwalimu wa hisabati kampenda mwalimu wa Kiswahili. Ikifika kwa keshia ndo inakuwa dhambi.

Na tukitoka nje ya nchi, Barack Obama na mkewe walikutana wapi? Ofisini. Mwaka 1989, Chicago, kwenye kampuni ya mawakili. Michelle ndiye alipewa kazi ya kumwelekeza yule kijana aliyekuja kwa miezi ya kiangazi, na mwanzoni alikuwa hataki kutoka naye kwa sababu aliona haitakaa vizuri kazini. Mwisho wakaoana 1992. Hiyo mnaipostia mioyo na kuandika malengo ya mahusiano. Ya keshia mnaandika gesti.

KWAMBA MAPENZI YANAHARIBU KAZI

Yanaweza. Sikatai. Wapo wanaofunga mlango wa stoo saa nzima wateja wanasubiri. Wapo wanaonuniana hadi mteja anaogopa kuuliza bei. Hao waitwe, waonywe kwa maandishi, wakirudia wachukuliwe hatua kwa kile walichofanya. Kuchelewesha wateja ni kosa la kuchelewesha wateja, hata ungekuwa unachelewesha kwa sababu unaangalia mpira.

Ila dada huyu kosa lake la kazi ni lipi? Video imerekodiwa harusini, siku ya mapumziko, kavaa gauni la kitenge kama kila mtu. Hakuna hela iliyopotea, hakuna mteja aliyefukuzwa. Tena kwa taarifa nilizonazo, madeni ya mafundi wa mji mzima alikuwa nayo kichwani. Fundi akija anajifanya kasahau, dada anamtajia tarehe, idadi ya mifuko ya saruji na shati alilovaa siku hiyo. Binti mpya hawajui hao mafundi. Mafundi wamefurahi kweli kweli, wiki hii wanamsalimia tajiri kwa heshima zote na hawalipi. Sasa tuambiane, kilichoharibu biashara hapo ni kwaito au ni hasira za tajiri?

Wanaharibu kazi wengine nawajua, na hamuwafukuzi. Kuna wale wa umbea, wanaotoka kaunta kwenda kaunta na simu mkononi. Kuna wenye ugomvi wa hela za vikoba, hawasemeshani mwaka wa pili sasa na wanakaa meza moja. Chuki kazini mnaiita changamoto za kawaida. Mapenzi kazini mnaita utovu wa nidhamu.

KWAMBA KESHIA NA MTU WA STOO WATAIBA PAMOJA

Hapa nanyoosha mikono, hoja hii ina akili. Mmoja anashika hela, mwingine anatoa mzigo. Wakiwa kitu kimoja wanaweza kutoa nondo bila karatasi na hakuna atakayejua hadi mwisho wa mwezi. Ningekuwa na duka ningeliwaza hilo usiku.

Lakini dawa yake haikuhitaji kumfukuza mtu. Mhamishe mmoja. Kaka aende kwenye gari la kupeleka mizigo, au dada aende upande wa rangi, mtu wa tatu akae katikati. Mtu wa getini asaini kila karatasi kabla mzigo haujatoka. Hesabu ya vitu vya bei kubwa ifanyike kila jioni badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Hiyo inazuia wizi wa wapenzi, wa marafiki, wa mtu na binamu yake, wa wote. Maana tusidanganyane, maduka mengi yanaibiwa na ndugu wa tajiri aliowaleta mwenyewe kutoka kijijini, na hao hakuna anayewaambia wakae nyumbani wataitwa.

Afu kuna hili, na hapa ndo ubuyu wenyewe. Mwanzo wa duka lile, wakati bado ni kibanda cha misumari na rangi, keshia wa kwanza alikuwa binti mmoja mchapakazi. Tajiri alikuwa anakaa stoo, kijana mwenye ndoto zake. Yule binti leo ndiye mama mwenye duka. Ndiyo, wadau. Mali yote ile imejengwa na keshia na mtu wa stoo waliopendana juu ya kaunta ile ile. Ni kitu kizuri kabisa, nawapongeza kutoka moyoni. Ninachouliza ni nani aliwapa wao ruhusa ambayo wenzao wamenyimwa.

TUFIKE KWENYE MAPENZI KAZINI YENYE SUMU

Mkitaka kupiga vita mapenzi kazini, mimi nipo mstari wa mbele. Tuanze na yale ya kweli yanayoharibu watu. Meneja anayemwambia binti wa mafunzo kwamba mkataba wake upo mezani, ila twende tukale nyama choma kwanza. Msimamizi anayempangia dada zamu za usiku mfululizo kwa sababu alikataa namba. Tajiri anayepiga simu saa tano usiku kuuliza hesabu ambazo anazo.

Hayo hayaitwi mapenzi, yana jina lake kisheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamgusa mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote ya mtu. Rushwa ya ngono ni kosa, na TAKUKURU ipo hadi wilayani. Kanuni ya Adhabu nayo ina kosa la unyanyasaji wa kingono tangu ilipoongezwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Haya mambo yapo kwenye vitabu muda mrefu.

Lakini kwenye makundi yenu hayo mnayacheka. Mnasema dada mjanja, kamkamata bosi. Bosi akimsumbua mtu mnasema ndo maisha, akitaka kazi avumilie. Vijana wawili wa mshahara mmoja wakishikana bega harusini mnakumbuka maadili. Hamuoni kama mmelishika jambo kichwa chini miguu juu?

Kuna mtu atanikumbusha ile video ya Julai 2025 kule Marekani. Mnaikumbuka, tamasha la Coldplay, kamera ikawaonyesha kwenye skrini kubwa bosi mkuu wa kampuni ya teknolojia na mkuu wake wa rasilimali watu wamekumbatiana, wakashtuka, mmoja akainama, mwingine akageuka. Dunia nzima ikacheka. Angalieni lakini nani aliwajibika. Bosi mwenyewe alijiuzulu ndani ya siku chache, na yule mkuu wa rasilimali watu naye akafuata. Wale walikuwa juu, watu wa mshahara mkubwa wanaoamua kazi za wengine, ndo maana ikawa kesi. Msichukue kesi ya mabosi mkamvisha keshia.

DADA, HII YAKO

Sasa ile 17. Tanzania mwajiri haachishi mtu kazi kwa kujisikia. Sheria ile ile ya 2004, kifungu cha 37, inamtaka athibitishe kwamba ana sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Sababu halali ni kama mwenendo wako, uwezo wako kazini, au mahitaji ya biashara. Kinga hiyo ni kwa aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi sita na kuendelea. Wewe una miaka miwili na miezi minne. Unaingia.

Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kazini, na kati ya vitu vilivyotajwa wazi ni jinsi, ndoa na ujauzito. Watu wawili wamecheza kwaito moja, wa kike yuko nyumbani, wa kiume yuko stoo. Mimi si wakili, ila kama huo si ubaguzi basi anielezee anayeweza, kwa utaratibu, bila matusi.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Unajaza fomu yao ya malalamiko, inaitwa CMA F1. Wanaanza na usuluhishi, mnakaa mezani na mwajiri wako, ikishindikana inaenda kwenye uamuzi. Na muda wa kulalamikia kuachishwa kazi ni siku 30. Thelathini tu. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya msingi, na hakuna uhakika kwamba watakubali. Wengi wanaopoteza haki zao wanaipoteza hapo. Wanaambiwa kaa nyumbani utaitwa, wanakaa kweli, wanasubiri simu, siku zinapita. Kwa mtazamo wangu, ile kauli ya utaitwa kazi yake ni hiyo hiyo. Usianze kubishana siku ya kwanza ni ipi, hesabu kuanzia ile Jumatatu na uende wiki hii.

Kama hukupewa mkataba wa maandishi usiogope. Kutokuwa na karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi, na jukumu la kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi lilikuwa la mwajiri. Kusanya ulivyonavyo: meseji za mshahara kwenye simu, picha ukiwa kaunta, zile karatasi zenye mwandiko wako, majina ya wateja wanaokujua. Hata zile zenye umekula peleka. Mwamuzi naye ni mtu.

KAKA, NA WEWE

Nasikia ulimfuata tajiri ukamwambia kama ni kosa basi tulikosea wawili, ukaambiwa rudi stoo, ukarudi. Wapo wanaokutukana kwamba ungeacha kazi siku ile ile kama mwanaume. Mimi sikutukani. Una mama nyumbani na mdogo wako yuko sekondari, na mapenzi ya njaa mbili hayafiki mbali. Najua pia kwamba kila jioni unapita kwao na chupa ya chai ya tangawizi. Safi sana.

Ila chai haitoshi, mkubwa. Kinachotakiwa kwako ni karatasi moja. Andika ulichoambiwa siku ile na ulichoona, tarehe, saa, maneno. Weka sahihi. Dada akifika CMA akiulizwa nani shahidi wake, awe na mtu. Ni kitu kigumu, nafahamu, maana unakula kwa tajiri huyo huyo. Lakini mlihesabu makufuli 48 mara tatu kwa ajili ya uhakika. Hii nayo inataka uhakika.

TAJIRI, NAJUA UNASOMA

Mtoto wako anasoma hapa, kwa hiyo itakufikia. Sijakutaja na sitakutaja. Nakuombea mafanikio na duka likue. Mwite yule dada, mlipe siku zake, mrudishe. Mhamishe kitengo kama moyo unakusumbua. Weka masharti kwenye karatasi, yasomwe na wote saba: walio kwenye mahusiano waseme mapema, asiwepo anayemsimamia mpenzi wake, hela na stoo zisikae mikononi mwa wawili, na adhabu ikija iwashike wote kwa uzito mmoja. Na ongeza kwamba mtu akikataliwa mara moja inatosha, awe kijana wa stoo au awe wewe. Karatasi moja tu, inagharimu chini ya mfuko wa saruji.

Afu kaa na mama nyumbani, muulizane mlianzaje. Ni stori nzuri. Wafanyakazi wenu wangependa kuisikia.

Kwa nyie wengine, wadau wangu wa mijini, najua mna ofisi zenu na mambo yenu ya kwenye lifti. Niambieni kwenye komenti: kazini kwenu mapenzi yakijulikana, nani anaondoka? Hesabuni vizuri, wangapi walikuwa wa kike na wangapi wa kiume, afu muone. Majina msitaje. Na ukianza komenti yako na kwani alivaaje, nakufuta bila salamu.